Mwanangu, usikimbilie kuchagua mchezo mmoja

Mwanangu mpenzi,

Sisi huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Unauliza kama uendelee kufundisha netiboli, voliboli na riadha hapo chuoni, au ushike mchezo mmoja usije ukaambiwa huna fani. Na mwenzako wa ofisini amekwisha kukukumbusha kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Mimi nasema usichague sasa. Katika miaka yangu ya ualimu wa michezo, kocha niliyemsoma kuliko wote ni Amos Alonzo Stagg, Mmarekani aliyezaliwa 1862. Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa mwaka 1892, rais wake, William Rainey Harper, alimkabidhi mazoezi ya mwili na michezo. Stagg akafundisha futiboli ya Kimarekani misimu 41, besiboli karibu miaka 20, riadha tangu 1896 hadi 1928, na msimu mmoja hata mpira wa kikapu. Mwaka ule wa kwanza wachezaji hawakutosha, akaingia uwanjani mwenyewe.

Usidhani kila mchezo ulimkubali. Machi 11, 1892, kabla hajahamia Chicago, alikuwa mwalimu Springfield, Massachusetts, ambako James Naismith alikuwa amebuni mpira wa kikapu miezi michache tu nyuma. Walimu walicheza na wanafunzi mbele ya watu, wakafungwa 5 kwa 1. Hilo moja alilitia Stagg. Lakini gazeti la mji likaandika kwamba mazoea ya futiboli yalimponza: alikuwa akisukuma watu na kufanya faulo mfululizo.

Hapo ndipo ninapotaka upaangalie sana. Mchezaji hubeba tabia za mchezo mmoja hadi kwenye mwingine. Binti wa netiboli amefundishwa kuudaka mpira na kusimama. Mpeleke voliboli, mikono yake itataka kuushika badala ya kuupiga. Kocha asiyejua netiboli atamwita mzito. Wewe utajua kosa limetoka wapi, na utamrekebisha bila kumvunja moyo.

Ila wingi wa michezo sio uliomweka Stagg Chicago miaka 40. Harper alimwajiri kama profesa mshiriki, ajira ya kudumu, sawa na walimu wa masomo mengine. Akifungwa Jumamosi, Jumatatu bado ni mwalimu. Wewe michezo hiyo mitatu imewekwa juu ya vipindi vyako vyote, na posho haitoki mpaka uidai. Hilo ndilo linalokuchosha, mwanangu, na ukibaki na netiboli peke yake litakufuata hukohuko. Nenda kwa mkuu wa chuo. Omba saa za mazoezi zihesabiwe kwenye ratiba yako kama vipindi, na cheo chako cha michezo kiandikwe kwenye barua.

Kuhusu kuchagua, muda upo. Chicago walimstaafisha Stagg akiwa na miaka 70, naye akaenda College of the Pacific huko California kufundisha futiboli. Mwaka 1943, ana miaka 81, makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka. Wewe hata 30 hujafika.

Ukishaandika barua ya mkuu wa chuo, nitumie kwanza niipitie.

Mama yako