Mwalimu mpya wa Hisabati na Sayansi, anza na jibu lililokosewa

Wanachuo wa ualimu wanapokuja shuleni kwetu, hapa Uyole, Mbeya, kwa mazoezi ya kufundisha, wa Hisabati na Sayansi mara nyingi hukabidhiwa kwangu. Wanakuja na maandalio ya somo yaliyokamilika: malengo yapo, zana zimetajwa, na kila swali lina jibu lake sahihi. Ninachokikosa humo ni jibu ambalo mtoto atalitoa.

Chukua 52 kutoa 27. Darasani kwangu wapo watakaoandika 35, kila mwaka. Mwalimu mpya huweka mkasi, anaandika 25 kwa wino mwekundu, anapita. Mdogo wangu, usipite. Chuchumaa hapo kwenye dawati umuulize amefanyaje. Atakueleza vizuri kabisa: mbili ni ndogo, haiwezi kutoa saba, basi akatoa mbili kwenye saba, akapata tano. Huyo hakubahatisha. Ana kanuni yake, na usipoigusa ataendelea nayo hadi darasa la saba.

Mimi huwapa vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa mpira. Mafungu matano na vijiti viwili. Namwambia mtoto: nipe saba. Anatazama viwili vyake, anatazama mafungu, kisha anafungua fungu moja mwenyewe. Hapo ndipo namwambia aandike. Neno "kukopa" nimeliacha siku nyingi, tangu mtoto mmoja wa darasa la tatu aliponiuliza deni tunalipa lini. Alikuwa na haki ya kuuliza, maana hakuna deni: kumi ni ileile, imefunguliwa tu.

Kwenye Sayansi, kinachokosea kinaweza kuwa kitabu ulichokikariri. Mwaka mmoja madamu wa mazoezi aliandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, akawasha jiko, akatumbukiza kipimajoto. Maji yakatokota, zebaki ikasimama karibu na 94. Akawaambia watoto kipimajoto ni kibovu, wakaandika 100 kwenye madaftari. Iliniuma, kwa sababu watoto wale walikuwa wameona ukweli kwa macho yao, wakafundishwa kuukataa.

Kipimajoto kilikuwa sahihi. Nyuzi 100 ni za usawa wa bahari. Mbeya iko juu, kama mita 1,700, hewa inayoyakandamiza maji ni nyepesi zaidi, hivyo yanawahi kuchemka. Kadiria nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300 unazopanda. Baada ya kipindi tulikaa naye tukapiga hesabu hiyo kwenye karatasi, na kesho yake alirudi darasani akawaambia watoto wafute 100 waandike walichokiona. Ilihitaji moyo. Kisha akawauliza kwa nini maharage ya Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, yanawahi kuiva kuliko ya Uyole. Mikono iliyonyooshwa siku hiyo sijaiona kwenye somo lingine lolote la mazoezi.

Kwa hiyo kila jaribio lifanye nyumbani jana yake, kwa jiko na sufuria zilezile. Na kwenye andalio lako la Hisabati ongeza mstari mmoja chini ya kila swali: mtoto anaweza kukosea wapi hapa, na nitamuuliza nini. Ukikosa cha kuandika, omba madaftari ya mwaka jana.