Misuli laini ipi, ya dukani au ya mwilini?

Swali limetoka kwa binti anayesomea unesi hapahapa Tanga. Anaandika, "Shikamoo babu. Kwenye notsi zangu nimeandika 'ishara za seli zinazodhibiti ukuaji wa misuli laini ya mishipa ya damu'. Mwenzangu anasema ni signali, si ishara. Nani kapatia?"

Marahaba mjukuu wangu. Ni ishara, mwambie mwenzio signali akaitafute redioni. Seli inatoa kitu, kinamfikia jirani, jirani anajua la kufanya, sasa hiyo kama si ishara ni nini? Hilo limeisha. Mimi kilichonikaba koo ni yale maneno mawili uloyapita kama hujayaona, "misuli laini".

Juzi niliisoma sentensi yako barazani Ngamiani, kahawa ndo kwanza inamiminwa. Mzee mmoja akanikatiza, "Misuli laini? Ya Indonesia hiyo au?" na mkono ushashika pindo la msuli wake kiunoni anausugua kwa vidole, kwamba huu wake laini lakini anaujua mwingine ulaini wake we acha tu, na bei akataja. Hakuna alocheka. Kwa mwanamme wa Tanga msuli ni nguo kwanza, nyama ya mwili baadaye, na msuli laini ni ule ulofuliwa ukafuliwa mpaka ukiuvaa huusikii mwilini. Haya irudie sentensi yako, misuli laini inakua! Inakua vipi, inaungwa kipande?

Na hata nguo tukiiacha, laini bado inadanganya. Neno tumelitoa kwa Waarabu, layyin, kisicho kigumu (laini ya simu ni ya Mwingereza, hizo hazijuani). Mtu akisikia laini anawaza kitu cha kubonyea kama mkate wa kumimina. Kumbe msuli huo ndo unaoubana mshipa wa damu ukawa mwembamba presha ikapanda, uko kazini usiku na mchana na wala haukuombi ruhusa. Uliitwa hivyo kwa sababu tu ukiutazama kwenye hadubini huioni ile michirizi ya msuli wa mkono au wa moyo. Basi si tungesema msuli usio na michirizi? Refu, najua. Lakini hakuna atakayeuliza bei.

Halafu huo "ukuaji" wako nao. Mwaka 1974 mtafiti Russell Ross na wenzake kule Marekani walionesha kwamba vile vichembe vya kugandisha damu vinatoa kitu kinachozifanya seli za msuli huo zigawanyike ziwe nyingi, hapo sema kuongezeka. Ila angiotensini, ile homoni ya kupandisha presha, aghalabu inainenepesha seli ileile moja, hapo ndo kukua. Mtoto kubanwa na suruali ya mwaka jana ni kukua, mama yake kujifungua mapacha ni kuongezeka, na huwezi kumpongeza mtu kwa mapacha kisa suruali imembana kijana wake.

Kwenye mtihani andika tu misuli laini, anayesahihisha naye kafundishwa hivyohivyo na sitaki ufeli kwa ajili yangu. Mie nimebaki na yule mzee, keshaniuliza mara mbili hiyo misuli inauzwa barabara ya ngapi.