Paa la Mpira Chini ya Jua la Arizona

Swali: Mhariri, tumehamia Phoenix kutoka Seattle na gari letu lenye nyumba ndani. Paa lake la mpira, ambalo kule liliota kuvu tu, sasa linatoa unga mweupe. Je, limekwisha?

Jibu: Ndugu msomaji, halijakwisha. Unga huo ni tabaka la juu la mpira linaloliwa na jua, na peke yake hauleti uvujaji. Ninachokihofia zaidi ni gundi ya kuzibia iliyo kandokando ya matundu ya hewa, kwa kuwa joto la kiangazi, linalopita nyuzi 40 za Selsiasi, huikausha na kuipasua, kisha mvua za ghafla za Julai na Agosti hupenya hapo hapo hadi kwenye mbao. Ikague kila baada ya miezi mitatu, na uzibe nyufa kwa gundi inayoafikiana na mpira. Osha paa kwa sabuni isiyo kali. Petroli huvimbisha mpira, usiitumie kamwe.