Kwa nini ushuru hauzizuii meli zenye ruzuku

Umeuliza kwa nini nchi inayolalamikia meli za bei ya chini, zilizojengwa kwa ruzuku za serikali nyingine, haizitozi tu ushuru kama inavyofanya kwa chuma. Sababu ni kwamba meli ya safari za kimataifa kwa kawaida haiingizwi nchini kama bidhaa: kampuni ya Ugiriki huiagiza Korea Kusini, huisajili Panama au Liberia, kisha huipeleka baharini, na forodha haina mahali pa kuikamata.

Isitoshe, ruzuku yenyewe mara nyingi si fedha taslimu. Mnunuzi hulipa kwa awamu, tangu kutia saini, kukata chuma, kulaza mkuku (uti wa chini wa meli) na kushusha meli majini hadi kukabidhiwa, naye hatoi hata awamu ya kwanza kabla benki haijamdhamini kwamba atarudishiwa fedha zake kiwanda kikishindwa. Benki ya serikali ikitoa dhamana hiyo kwa ada iliyo chini ya ile ya soko, kiwanda kimekwisha kusaidiwa. Umoja wa Ulaya uliishtaki Korea Kusini kwa jambo hilo katika Shirika la Biashara Duniani. Mwaka 2005 baadhi ya dhamana na mikopo ilionekana kuwa ruzuku iliyokatazwa, lakini dai lililo zito zaidi kwa maoni yangu, yaani kwamba ruzuku hizo zilikandamiza bei za meli sokoni, halikuthibitishwa. Mkataba wa mwaka 1994 wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi zilizoendelea), ambao ulikusudiwa kuziba pengo hili la ushuru kutozifikia meli, haukuanza kutumika kwa kuwa Marekani, ambayo leo ni miongoni mwa walalamikaji wakubwa, haikuuridhia.