Maswali ya wasomaji: mlango wa gari umeshuka, nifanyeje?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Probox napigia teksi hapa Mwanza, mlango wa dereva umeshuka mpaka niunyanyue ndo ufunge. Fundi bodi anataka achomelee bawaba kwenye nguzo ya bodi inayoshika mlango eti haitasumbua tena. Nikubali?

JIBU: Usikubali kaka. Kwanza jua kilichoisha ni nini. Fungua mlango robo tu, shika ukingo wa chini upande wa kitasa, unyanyue na kuushusha taratibu huku mwenzio anaangalia bawaba ya juu, manake hiyo ndo inavutwa na uzito wa mlango muda wote, ya chini inasukumwa tu. Pini ikicheza ndani ya tundu lake, bushi (kile kikombe kidogo ambamo pini inazunguka) imekwisha, nunua bawaba nyingine, hata used ila uitikise kwanza kabla hujalipa. Kama pini iko imara ila bawaba nzima inatembea juu ya bodi, hizo ni bolti zimelegea: chora alama kuizunguka bawaba, weka jeki chini ya mlango na kipande cha mbao na tambara, legeza bolti bila kuzitoa, nyanyua mpaka uwazi kati ya mlango na bodi ulingane juu mpaka chini, halafu kaza.

Ukiona rangi imepasuka kuzunguka bolti au bati la nguzo lenyewe linapumua ukiutikisa mlango, hapo ugonjwa ni wa nguzo, kutu au ajali ya zamani iliyofichwa na rangi, na hiyo kazi mpe fundi anayejua kukata bati bovu na kurudishia jipya.

Kuhusu kuchomelea, hiyo bawaba imefungwa kwa bolti makusudi ili irekebishike, ukiichomelea basi tena. Moto unaunguza kinga ya kutu ndani ya nguzo usikokuona, na waya za mlango zinapita hapohapo katikati ya bawaba mbili. Na hiki si kifaa cha kujaribia jamani, kanuni namba 11 ya Umoja wa Mataifa inataka bawaba zihimili mvuto wa nyutoni 11,000, karibu sawa na kuning'iniza tani moja na ushee, yote hiyo ili gari likigongwa mlango usifunguke watu wakarushwa nje. Pia waambie abiria wasijiegemeze kwenye mlango ulio wazi wakishuka, hiyo nayo inaua bawaba.

SWALI: Prado yangu mlango wa nyuma unagonga kwenye barabara mbovu, bawaba zinaonekana nzima. Tatizo nini?

JIBU: Ule mlango umebeba tairi la spea, kwahiyo angalia raba zinazouzuia usiruke ukiwa umefungwa, zikikauka au kudondoka uzito wote unaenda kwenye bawaba na kitasa. Badilisha raba kwanza. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko la kiwandani, lirudishe la saizi yake.