Shilingi 15,000 za ziada: zilipe mkopo wa nyumba au zingoje nyumba kubwa?

Msomaji wa Nairobi ameuliza swali ambalo familia nyingi zinalo. Nyumba yao ina vyumba viwili, mtoto wa tatu yuko njiani, mkopo bado mbichi, na kila mwezi hubaki shilingi 15,000. Azitie wapi?

Anza na riba unayotozwa. Chukua mkopo wa milioni 6 kwa riba ya 14%, miaka 20. Rejesho ni 74,611 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 70,000 ni riba tupu. Deni lenyewe hupungua kwa 4,611. Baada ya miaka mitano umeshalipa karibu milioni 4.5 na bado unadaiwa milioni 5.6. Ukiongeza 15,000 kila mwezi tangu mwanzo, mkopo unaisha kwa miezi 131 badala ya 240, na riba ya zaidi ya milioni 6 haitoki mfukoni mwako.

Kwenye kulipa hiyo ziada ndipo wengi wanapoteleza. Pesa ikitumwa benki bila maelezo, huenda ikahesabiwa kuwa rejesho la mwezi ujao, au ikakaa tu kwenye akaunti bila kugusa deni. Andika barua, ipigwe muhuri, iseme wazi: ziada ipunguze deni la msingi, rejesho libaki lilivyo, muda ndio ufupishwe. Kisha dai ratiba mpya ya marejesho, na uilinganishe na taarifa ya mkopo ya mwezi unaofuata. Kabla ya hayo yote, soma kwenye mkataba kifungu cha kulipa kabla ya muda. Kama kila malipo ya ziada yana ada, kusanya ulipe mara moja kwa mwaka.

Kuna na kodi. Riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hutolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi, hadi 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Mkopo wetu unadai 70,000, kwa hiyo 40,000 hazina nafuu yoyote. Hizo ndizo za kuwinda kwanza. Deni likishuka hadi kama milioni 2.57, riba yote inaingia kwenye nafuu, na kwa anayekatwa kodi ya 30%, ile 14% inamuuma kama 9.8%. Haraka ya kulipa inapungua hapo. Na kama mkopo wako umetokana na fedha za KMRC, kampuni inayozikopesha benki pesa za mikopo ya nyumba, kwa riba isiyobadilika na isiyofika 10%, usiukimbize kabisa, weka akiba.

Ila pesa iliyoingia kwenye mkopo hairudi mpaka nyumba iuzwe, na muuzaji wa nyumba kubwa hatakungoja. Nyumba ya milioni 12 mjini inataka ushuru wa stempu wa 4%, yaani 480,000 taslimu, juu ya malipo ya awali, wakili na mthamini. Hizo zisiguse mkopo hata siku moja. Ukiweka 15,000 kwa mwezi kwenye mfuko wa soko la fedha (money market fund, yaani akiba za watu wengi zinazowekezwa pamoja kwa muda mfupi) unaotoa 10% kwa mwaka, baada ya kodi ya 15% kwenye faida utakuwa na kama milioni 1.12 kwa miaka mitano. Kwenye mkopo zingepunguza deni kwa milioni 1.29. Tofauti hiyo ya 170,000 ndiyo bei ya kuwa na pesa mkononi, na kwa mwenye mpango wa kuhama ndani ya miaka mitatu, ailipe bila kinyongo. Anayehama baada ya miaka minane alipe mkopo kwanza.

Mkihama, msikimbilie kuipangisha nyumba ya zamani huku mkitafuta mnunuzi. Kodi ya 15% kwenye faida ya mauzo husamehewa kwa nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu kabla ya kuihamisha. Mpangaji wa miezi sita anaweza kuufuta msamaha huo.