Maswali ya Gereji: Geji Kwanza, Skrubu Baadaye

Shikamoo fundi. Gari yangu ya petroli imefungwa regulata ya kurekebisha presha ya mafuta. Fundi wa huku anaiseti kwa kusikiliza mlio. Ni sawa? (Buzuruga)

Marahaba. Si sawa hata kidogo. Sikio halisomi presha, mwambie afunge geji ya kupimia presha ya mafuta.

Kabla ya kufungua bomba lolote, chomoa fyuzi ya pampu, acha injini iwake mpaka izime yenyewe. Gereji zetu nyingi ziko uwanjani na jiko la mama lishe halipo mbali. Muombeni asogee, petroli haisamehe.

Geji ikishakaa, rudisha fyuzi, washa injini ipate moto, iache silensa, yaani iunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta. Chomoa kwenye regulata mpira mdogo wa vakyumu (mvuto wa hewa) unaokwenda inteki, njia ya hewa ya injini, na uzibe upande wa inteki isivute hewa. Sasa soma. Legeza nati ya juu, zungusha skrubu ya katikati robo mzunguko tu kila mara: kwenye regulata nyingi kulia inapanda, kushoto inashuka. Injini nyingi za mtindo huu hukaa karibu na bar 3, yaani psi 43.5, ila fuata namba ya kitabu cha injini yako. Unapokaza nati, ishike skrubu isizunguke, halafu soma tena, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Ukirudisha mpira, mshale ushuke. Usiposhuka, angalia kama mpira umepasuka au umeziba. Na ukikuta petroli ndani ya mpira huo, diaframu, utando wa ndani ya regulata, imetoboka: nunua regulata nyingine.

Mwanza iko juu kuliko Dar. Nipunguze presha? (Nyegezi)

Usipunguze. Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi kweli, lakini geji na regulata zote zinapimia hewa hiyohiyo, hivyo bar 3 ya Dar ndiyo bar 3 ya Nyegezi. Utakachoona ni kwamba ukirudisha mpira, mshale hapa haushuki sana kama Dar, kwa sababu vakyumu ya injini ni ndogo. Regulata yako ni nzima.

Gari haivuti mlima wa Bugando. Nikipandisha presha itapata nguvu? (Igoma)

Ndugu yangu, ukitoka bar 3 hadi 4 nozeli, zile zinazonyunyizia injini petroli, zinaongeza mafuta kama asilimia 15 tu, na injini isiyoyahitaji itayageuza moshi mweusi na plagi zenye masizi. Pima kwanza. Geji yenye mpira mrefu ibanwe nje ya kioo cha mbele, isiingizwe ndani ya gari kamwe, na mwenzako aitazame mkipanda. Ukikanyaga mafuta, mshale unatakiwa upande hadi namba uliyoseti. Mshale ukianguka, filta imeziba au pampu imechoka, na skrubu hiyo haiponyi pampu.

Asubuhi inachelewa kuwaka, presha imeisha. (Kirumba)

Zima injini, kisha bana taratibu mpira wa mafuta yanayorudi tangini. Presha ikitulia, regulata ndiyo inayovujisha. Ikiendelea kushuka, bana mpira unaotoka kwenye pampu: ikitulia hapo, ni valvu ya pampu, ile inayozuia mafuta yasirudi tangini. Isipotulia kote, fungua nozeli uone kama zinavuja.